Mikono Ikisuka, Moyo Hupumua

Ndugu msomaji, mkulima akiacha shamba lake liingie magugu, watu husema nini? Husema huyo ni mvivu. Hata mimi nilisema hivyo, na nilikosea.

Mimi ni bwana shamba. Nina umri wa miaka 46. Nilipokuwa nasomea cheti cha kilimo, nilifundishwa magonjwa ya mpunga, ya mihogo na ya mahindi. Nilifundishwa namna ya kuyatambua kwa kutazama majani. Lakini sikufundishwa ugonjwa wa huzuni. Huo nimefundishwa na wakulima wenyewe.

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa huo. Tuzungumze pia juu ya dawa yake moja ambayo huenda unayo nyumbani kwako. Dawa hiyo ni sanaa. Sanaa ni kazi ya kubuni kitu kwa mikono, kwa sauti au kwa maneno. Kusuka mkeka ni sanaa. Kufinyanga chungu ni sanaa. Kuimba, kupiga ngoma, kuchonga, kuchora na kutunga mashairi ni sanaa pia.

SHAMBA LILILOJAA MAGUGU

Katika kijiji kimoja cha bonde la Rufiji kuna mama aliyekuwa na eka moja ya mpunga. Jina lake hatulitaji. Kila mwaka shamba lake lilikuwa safi. Nilikuwa nawapeleka wakulima wengine kwenda kulitazama.

Mwaka mmoja nilifika wakati wa palizi. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Mama yule alikuwa amekaa mlangoni, mikono ameiweka mapajani. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo. Nikaanza kumsema. Nilimwambia, "Mama, wewe ndiye mfano wa kijiji. Imekuwaje leo? Palizi haimngoji mtu." Hakujibu. Nilifungua daftari langu nikaandika: "Hajapalilia. Hana juhudi."

Nilipotoka, mama mkwe wake alinifuata njiani. Akasema, "Mwanangu, umeona magugu ya shambani tu. Yale ya moyoni hukuyaona. Amezika mtoto, mwezi wa pili huu."

Niliona haya sana. Nilirudi nikampa pole. Baadaye nilifuta yale niliyoandika katika daftari.

MKEKA ULIOANZA UPYA MARA TATU

Watu wengi walimfariji mama yule. Walimwambia, "Jikaze. Ni kazi ya Mungu." Maneno hayo ni mema. Lakini yeye alikuwa halali usiku, na mchana hasemi.

Mama mkwe wake hakumwambia ajikaze. Alileta mzigo wa ukindu akauweka kati yao. Akasema, "Mwanangu, nisaidie kusuka. Macho yangu hayaoni vizuri tena."

Unajua kazi ya mkeka ilivyo. Makuti machanga ya mkindu hukatwa na kuanikwa juani mpaka yawe meupe. Mengine huchemshwa pamoja na rangi. Kisha huchanwa kuwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane. Chane hupitishwa juu na chini, juu na chini, mpaka utoke utepe mrefu. Utepe huo ndio ukili. Ukili hupimwa kwa pima. Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo, na hapo mkeka hupatikana.

Siku ya kwanza mama yule alisuka kidogo sana, na ukili wake ulipinda. Aliufumua. Siku ya pili aliufumua tena. Mara ya tatu ulinyooka. Hakuna aliyemcheka wala kumharakisha.

Walisuka hivyo kila jioni. Siku moja, mikono ikiwa inakwenda, mama yule alianza kulia. Mama mkwe hakumzuia. Aliendelea kusuka. Kisha mama yule alisema neno ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote. Alisema, "Mama, ni mimi niliyemwua. Homa ilianza Jumatatu, nami nikampeleka zahanati Jumatano. Nilitaka kumaliza kupanda."

Je, ndugu msomaji, umeuona mzigo aliokuwa ameubeba? Watu walidhani analia kwa sababu mtoto amekufa. Kumbe alikuwa anajihukumu. Na shamba lake alilichukia, kwa sababu aliona kuwa shamba ndilo lililomchelewesha.

Mama mkwe alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa humu ndani siku hizo mbili. Nami nilidhani ni homa ya kupita. Basi tuubebe wote wawili." Maneno hayo alinieleza mama yule mwenyewe baadaye, na alinipa ruhusa niyaandike ili yawasaidie wengine. Aliomba pia niwakumbushe wazazi jambo moja: mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

KWA NINI MIKONO HUSAIDIA MOYO?

Nilimwuliza mama yule, "Mkeka ulikusaidia nini?" Majibu yake nimeyapanga hivi:

Kwanza, mikono ilipata kazi ya kuhesabu. Juu moja, chini moja. Akili iliyokuwa inazunguka usiku kucha ilipata mahali pa kukaa.

Pili, macho yalitazama chini. Ni vigumu kusema neno zito huku mtu anakukazia macho. Lakini watu wawili wakitazama ukindu, neno hutoka lenyewe.

Tatu, kazi ilionekana. Jana ukili ulikuwa pima tatu, leo ni pima nne. Mtu mwenye huzuni hudhani kuwa hawezi lolote. Ukili ulimwonyesha kuwa anaweza.

Nne, alijifunza kufumua. Alisema, "Ukili ukipinda, hukutupa wala hukuua. Unafumua, unaanza tena." Hapo alianza kujisamehe.

Tano, alijifahamu. Wakati wa kuchagua rangi, mama mkwe alitaka nyekundu. Yeye alichagua utepe mmoja mweusi upite katikati ya mkeka mweupe. Alisema kuwa hakujua kwa nini alitaka hivyo mpaka mkeka ulipokwisha. Alipoutandika ndipo aliona: weusi ule haukufika pembeni. Ulikuwa na mwanzo na mwisho, na weupe uliuzunguka pande zote.

JAMBO HILI SI GENI

Huenda utasema, "Hayo ni ya mama mmoja tu." La, ndugu msomaji. Wazee wetu waliyajua haya tangu zamani.

Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Lamu alikuwa mgonjwa. Alikuwa na binti, akaogopa kumwacha bila mafundisho. Alitunga utenzi wa kumwusia binti huyo. Hofu yake aliigeuza kuwa zawadi, na mpaka leo utenzi huo unasomwa.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alifanya kazi ya ukarani serikalini. Alipofiwa na mke wake Amina, alitunga shairi akalipa jina la mke wake. Uchungu wake aliuweka katika vina na mizani. Alifariki mwaka 1962, lakini wanafunzi wengi wamelisoma shairi hilo shuleni.

Tazama pia ngoma zetu. Usukumani kuna ngoma ya bugobogobo inayochezwa kwa majembe. Wanaolima pamoja kwa kufuata ngoma hawachoki upesi, na aliye mpweke hujiona yumo katika kundi.

Wageni nao wameligundua. Huko Uingereza, mchoraji Adrian Hill aliugua kifua kikuu mwaka 1938. Akiwa kitandani alichora vitu vilivyokuwa karibu naye. Aliona kuwa kuchora kunampa nguvu, akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 alianza kuliita jambo hilo tiba ya sanaa. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa iliyotazama tafiti zaidi ya 3,000. Taarifa hiyo ilieleza kuwa sanaa husaidia kuzuia maradhi, na humsaidia mgonjwa anapotibiwa.

NA SISI WANAUME?

Wanaume wengi watasema kuwa mkeka ni kazi ya wanawake. Basi nitaeleza habari yangu mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa alifariki miaka michache iliyopita. Sikulia msibani. Nilishughulika na jeneza, na wageni, na chakula. Watu walisema mimi ni mwanamume kweli. Lakini nilirudi kazini nikawa mkali kwa wakulima na nyumbani pia. Mke wangu aliniuliza, "Baba, kuna nini?" Nikamjibu, "Hakuna."

Siku moja mvua ilinizuia katika ofisi ya kijiji. Nilichukua daftari nikaanza kuchora. Sisi mabwana shamba hujifunza kuchora ramani ya shamba na matuta. Basi nilichora nyumba ya baba yetu kama ilivyokuwa nilipokuwa mtoto. Nilichora mwembe, kisima na zizi la mbuzi. Mwisho nilichora majembe mawili yameegemea ukuta karibu na mlango.

Nilipoyatazama majembe yale, machozi yalinitoka. Jembe moja lilikuwa la kaka. La pili lilikuwa langu. Mimi nilipokwenda shule, kaka alibaki akalima sehemu yangu na yake. Karo yangu ilitoka katika mikono yake. Nami sikuwahi kumshukuru. Huo ndio uchungu uliokuwa unanifanya mkali. Sikuujua mpaka mkono wangu ulipouchora.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa mke wa marehemu. Nilimweleza habari ya majembe. Kisha tulilima pamoja shamba la kaka, mimi na watoto wake. Nafanya hivyo kila msimu mpaka sasa. Picha ile ninayo bado. Si nzuri. Mbuzi wanafanana na mbwa. Lakini nisingeichora, nisingejua ninadaiwa nini.

FANYA HIVI

Ndugu msomaji, kama una huzuni, au kama jirani yako anayo, jaribu mambo haya:

1. Chagua kazi unayoipenda au uliyoipenda utotoni. Inaweza kuwa kusuka, kufinyanga, kuchonga mwiko, kushona, kuimba au kuchora kwa mkaa.

2. Tumia vitu ulivyo navyo. Ukindu wa mtoni, udongo wa mfinyanzi na kipande cha mti havihitaji fedha nyingi.

3. Fanya kidogo kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Usijali kama kazi si nzuri. Hii si kazi ya mashindano. Ikipinda, fumua uanze tena.

5. Kaa na mwenzako mmoja unayemwamini. Usimlazimishe kusema. Akisema, msikilize. Akilia, mwache alie.

6. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika sasa, una chombo kipya. Andika mistari michache juu ya yale yaliyo moyoni mwako. Si lazima umwonyeshe mtu.

7. Kazi ikiisha, itazame. Jiulize: "Kwa nini nilichagua rangi hii? Kwa nini niliimba wimbo huu?" Jibu litakuambia jambo juu yako.

ANGALIA HILI

Sanaa husaidia, lakini haichukui nafasi ya mganga wa zahanati. Pombe nayo haiponyi huzuni. Huilaza usiku mmoja tu, kisha huiamsha na nguvu zaidi.

Mtu akikosa usingizi kwa majuma mengi, akikataa chakula, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akisema hataki kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke zahanati au hospitali upesi. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, na unatibika. Si aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MKEKA UKO WAPI SASA?

Msimu uliofuata nilipita tena kwa mama yule. Nilimkuta shambani na jembe lake. Nusu ya shamba ilikuwa imepaliliwa. Nusu nyingine bado. Safari hii sikusema neno juu ya magugu. Nilichukua jembe la mama mkwe, nikaingia mstari wa pili.

Jioni tulikaa juu ya mkeka ule wenye utepe mweusi. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuununua, lakini mama yule alikataa. Alisema, "Mingine nitasuka niuze. Huu ni wa kukalia watu wenye misiba." Sasa kijijini pale mtu akifiwa, mkeka ule hupelekwa kwake, pamoja na mzigo mmoja wa ukindu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini bwana shamba alifuta maneno aliyoandika katika daftari lake?

2. Mama mkwe alifanya jambo gani ambalo majirani wengine hawakulifanya?

3. Katika kijiji chenu kuna kazi gani za sanaa? Ni nani anayeweza kuwafundisha wengine?

4. Je, kuna mtu katika kijiji chenu anayeitwa mvivu? Mmewahi kumwuliza yaliyompata?