Ini lenye vifuko vya maji si chakula cha mbwa

Huku kwetu Loitokitok mbwa ni mlinzi wa boma. Fisi akisogea usiku, yeye ndiye wa kwanza kubweka. Lakini tukichinja kondoo tunamtupia nini? Mara nyingi ni lile ini au pafu lenye vifuko vya maji, ambalo sisi wenyewe tumelikataa. Shida inaanzia hapo.

Ndani ya vifuko hivyo mna tegu wachanga. Mbwa akivila, tegu wanakomaa tumboni mwake, wadogo sana, milimita chache tu, na mayai yao hutoka na kinyesi. Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Mayai yananata kwenye manyoya, mtoto anamshikashika, halafu anakula bila kunawa. Miaka inaweza kupita kimya, kisha tumbo linavimba, na hapo mara nyingi ni kupasuliwa hospitalini. Kule Turkana ugonjwa huu ulizidi hata mradi wa kuupiga vita ukaanzishwa mwaka 1983.

Basi vifuko hivyo vichomeni, ama mvizike kwenye shimo refu mbwa asifukue. Siku ya kuchinja mfungeni; kamba tu inatosha. Mwulizeni pia daktari wa mifugo dawa ya tegu, prazikwanteli. Akiitwa na kikundi kizima, gharama ya safari mnagawana, na mbwa wote wachanjwe kichaa siku hiyo hiyo. Chanjo haiui tegu, na dawa ya tegu haizuii kichaa.