Muzee wa Miaka 120: Nani Alihesabu?

Ukifika Lulimba, katika inchi ya Fizi, hutakosa kuonyeshwa muzee anayesemwa amepita miaka 120. Mwenye kuuza dawa sokoni naye anamuonyesha: «Mizizi hii ndiyo ilimufikisha pale.» Walimu wa dini wanatuuliza: tukubali ao tukatae?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ikisemwa kwamba watu wa inchi fulani wanaishi sana kuliko zamani, mara mingi ni watoto walioacha kufa. Tuseme watoto wane wamezaliwa: wawili wanakufa na mwaka 1, wawili wanafika 79. Gawanya: miaka 40 kwa kila mutu, na kumbe hakuna hata mumoja aliyekufa na 40! Wale wawili wakiponyeshwa malaria ao surua, wakafika 79 nao, hesabu yote inakuwa 79, na wazee hawakuongezewa hata siku moja.

Kusogeza mupaka wenyewe ni kazi ingine. Mwaka 2009, huko Marekani, panya wenye siku 600, ndio wazee, walilishwa rapamisini, dawa iliyopatikana kwanza katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Umri ambao 90 kwa 100 wamekwisha kufa ulizidi kwa majike 14 kwa 100, kwa madume 9. Ni ajabu kweli. Lakini dawa ile inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Waganga wanaitumia kwa mutu aliyepewa figo ya mwingine. Tena panya anaishi miaka miwili ao mitatu. Kwa mutu utangoja makumi ya miaka kuona matokeo.

Na mupaka uko wapi? Mwaka 2016 Jan Vijg na wenzake waliandika: karibu ya 115. Mwaka 2018 wengine walihesabu Waitalia waliopita 105, wakasema kwamba baada ya hapo hatari ya kufa haizidi kupanda. Saul Newman akawapinga: makosa machache katika kuandika umri yanatosha kuleta mufano kama ule. Hata Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyekufa 1997 na miaka 122, alisingiziwa kuwa ni binti yake aliyechukua jina la mama. Wataalamu Wafaransa walijibu kwa karatasi za zamani.

Muzee wetu hana karatasi. Fizi ilikimbiwa wakati wa Mulele, 1964. Tena 1996 wengi walivuka Tanganyika kwenda Kigoma. Basi tusimuulize mwaka, tumuulize tukio: «Baba, Mulele walipoingia, ulikuwa umekwisha kuoa?» Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku zile alizaliwa karibu ya 1944. Hajafika 100, na heshima yake haipungui.

Ikiwa anaomba ubatizo, usiandike kitabuni 1905 kwa kumupendeza. Andika «karibu ya», kisha tukio alilolitaja, na jina la ndugu aliyeshuhudia.