Ukienda Chalbi na mbwa, ratiba ni yake

Umechoka na kelele za jiji, gari liko, mbwa yuko, na unataka kuvuka jangwa la Chalbi bila msee mwingine yeyote? Poa. Lami itakufikisha Marsabit bila stori nyingi. Kazi inaanza ukiiacha kuelekea Maikona na Kalacha.

Wewe joto likizidi unatoka jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo, bana. Anajipoza zaidi kwa kuhema, ulimi nje. Mfungie ndani ya gari lililozimwa, hata dirisha likiwa wazi kidogo, na unaweza kurudi ukute amekufa. Kwa hivyo endesha alfajiri, saa tano uwe umeegesha kivulini, kisha uanze tena jua likishuka. Akianza kuyumba au kutapika, mmwagie maji, mpepee, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Lakini ukiwa katikati ya Chalbi daktari yuko wapi? Bebea mbwa mtungi wake wa maji, usihesabu na wako.

Chalbi ilikuwa ziwa zamani. Mvua ikinyesha, ile ardhi nyeupe ya chumvi inageuka tope na gari linazama. Uko peke yako, nani atasukuma? Mbwa? Uliza wenyeji kabla hujaingia.

Hao wenyeji, Wagabra, wanaishi kwa ngamia na mbuzi, kwa hivyo mbwa afungwe kamba mkikaribia visima. Baadhi yao ni Waislamu. Asilambe vyombo vya watu. Na Mbuga ya Marsabit uiondoe kwenye mpango, mbwa haruhusiwi.