Vilima vinavyosimulia kuinuka kwa Himalaya

JE, msomaji, umewahi kutazama ukingo wa mto uliomegwa na maji, ukaona udongo umepangika tabaka juu ya tabaka? Basi fikiria mpangilio kama huo wenye unene wa kilomita 5 hivi. Ndio uliomo katika vilima vya Siwalik, chini ya Himalaya, kutoka Pakistan kupitia India hadi Nepal.

Bara Hindi lilipogongana na Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita, milima ilianza kuinuka. Uzito wake ukalibonyeza ganda la dunia mbele yake, kama kitanda cha kamba kinavyobonyea mtu akikikalia, na mito ikalijaza bonde hilo.

Hapa ndipo penye utamu. Matabaka ya chini ni matope na mchanga. Ya juu kabisa ni kokoto na mawe. Mto hauchukui mawe makubwa mbali, kwa hivyo wataalamu husoma hapo kwamba milima ilikuwa ikisogea. Hatimaye iliyafikia matabaka yenyewe, ikayakunja yakawa vilima.

Leo bonde linalojazwa ni uwanda wa mto Ganges, wanakoishi mamia ya mamilioni ya watu. Msukumo nao haujakoma: ndio uliotikisa Nepal Aprili 2015, watu karibu 9,000 wakafa.