IMANI YA MWANACHUO IPIMWE BWENINI

Kagongwa ni mji mdogo katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Wasafiri wanaufahamu kwa mchele wake, maana mpunga wa vijiji vya jirani huletwa hapo kukobolewa, na magunia hupakiwa kwenda mijini. Jirani yake ni nchi ya dhahabu: Bulyanhulu, Geita, na Buzwagi ambako shughuli za mgodi zilikoma mwaka 2021. Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, vijana wa sehemu hizi hupanda mabasi wakiwa na masanduku na magodoro yao, pamoja na kifurushi cha mchele alichofunga mama. Wengi ni watoto wa familia za Kikristo, na kabla ya kuondoka wazee huwaombea.

Swali tunalotaka kuliuliza leo ni hili: imani hiyo waliyoondoka nayo huonekana wapi wakishafika chuoni?

Jibu jepesi ni kwamba huonekana katika vikundi vya sala. Ni kweli kwamba vyuo vyetu havikosi vikundi hivyo. Wako vijana wa TAFES, wa UKWATA, wa CASFETA, na wale wa umoja wa wanafunzi Wakatoliki. Kuna kwaya, kuna mikesha, kuna makongamano ya Pasaka. Hayo yote ni mema, nasi hatuna nia ya kuyabeza. Lakini sauti nzuri ya kwaya haitoshi kuwa ushahidi wa imani. Ushahidi hupatikana mahali ambapo hakuna anayepiga makofi.

Hupatikana bwenini, pale kijana anapougua malaria usiku wa manane, na mwenzake wa kitanda cha juu anaamka, anamshika mkono na kumpeleka zahanati, ingawa kesho ana mtihani. Hupatikana katika chumba cha mtihani, pale maswali yanapouzwa kwa siri na msichana mmoja anasema kwamba ni heri afeli kwa akili zake kuliko kufaulu kwa wizi. Hupatikana jikoni, kwa mpishi ambaye hapunguzi maharage ya wanafunzi ili apeleke mengine nyumbani kwake. Hupatikana getini, kwa mlinzi anayeokota simu au pochi na kumtafuta mwenyewe mpaka ampate. Hupatikana kwa mhadhiri asiyemwita mwanafunzi wa kike ofisini kwake kwa hila ya maksi. Watu hawa hawapandi mimbarini, lakini mwanachuo mwenye macho hujifunza kwao dini ambayo haimo katika ratiba ya masomo.

Kanda hii ina historia ndefu ya imani na elimu kwenda pamoja. Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha tiba mwanzoni mwa karne ya 20, na hata leo wauguzi hufundishwa hapo. Nyegezi, kando ya Ziwa Viktoria, Askofu Joseph Blomjous alianzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Waanzilishi wa vyuo hivyo hawakutaka kutoa vyeti tu. Walitaka watoke humo watu ambao mgonjwa, mkulima na maskini wangeweza kuwaamini.

Tunao pia mfano wa mtu ambaye kila msomaji anamjua. Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, mwaka ule ule alioingia Chuo cha Makerere. Alipotoka huko alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, na nje ya saa za kazi aliwafundisha Kiingereza bure watu wazima wa mjini. Hakuwa na cheo wakati huo, wala hakuna aliyejua kwamba angekuja kuwa Rais. Alikuwa mwalimu kijana tu, na imani yake ilionekana katika saa alizowapa watu ambao hawakuwa na cha kumlipa.

Hata hivyo, yapo mambo yanayoipima imani kwa ukali zaidi. Malori yanayopita Kagongwa usiku na mchana huelekea Rwanda na Burundi. Katika nchi hizo mbili, mwaka 1997, wanafunzi walifanya jambo ambalo kila mwanachuo wa Afrika Mashariki yafaa alifahamu.

Mahali pa kwanza ni Nyange, magharibi mwa Rwanda. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi walikimbilia katika kanisa la hapo wakidhani kwamba nyumba ya Mungu ingewalinda. Kanisa hilo lilibomolewa kwa buldoza juu ya vichwa vyao. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa na kanzu, alikuwa na altare, alikuwa na mamlaka ya kubariki. Wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowaokoa watu wale.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono, na baadhi yao wakafa. Leo taifa lao limewaweka katika orodha ya mashujaa.

Mahali pa pili ni Seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliwaamsha wanafunzi na kuwapa amri ile ile. Nao wakakataa kutengana. Vijana 40 waliuawa.

Tukiyaweka mambo haya pamoja, tunaona somo zito. Pale pale Nyange, mwenye cheo cha dini aliikana imani kwa matendo, na watoto wa shule wasio na cheo wakaitimiza. Nasi tunaamini kwamba uamuzi wa namna ile hauzaliwi usiku mmoja. Kijana ambaye hajazoea kumgawia mwenzake sabuni hawezi ghafla kumgawia uhai wake. Umoja ule ulifumwa siku nyingi kabla, katika kuteka maji pamoja, kula pamoja, kuuguzana na kusameheana. Samaki mkunje angali mbichi.

Huenda msomaji akasema kwamba sisi Tanzania hatuna vita. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini Shinyanga na Geita zina mtihani wao. Katika mikoa hii vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, pengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Hasa kuanzia mwaka 2007, watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa tamaa ya utajiri wa haraka. Mwalimu, muuguzi na mtendaji wa kijiji wa sehemu hizi wamepita vyuoni. Ikiwa huko walijifunza kuimba tu, watanyamaza kikongwe atakapotajwa. Ikiwa walijifunza kumtetea mwenzao aliyeonewa bwenini, basi watakuwa na ujasiri wa kusimama mlangoni mwa kikongwe huyo.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani, ambao wengi wao ni Waislamu, tunapenda kusema kwamba jambo hili si geni kwao. Wanajua kwamba swala ya mtu na mwenendo wake havipaswi kupishana njia. Mwezi Desemba 2015, karibu na Mandera nchini Kenya, basi lilivamiwa na wauaji wakataka abiria Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na baadaye akafariki dunia kwa majeraha hayo. Mwanafunzi Mkristo anayesoma Unguja na mwanafunzi Mwislamu anayesoma Nyegezi wana haki ya kutarajia moyo kama huo kwa wenzao wa bweni moja.

Kwa viongozi wa Serikali tuna maneno matatu. La kwanza, Katiba yetu imetamka kwamba nchi haina dini, na katika ibara ya 19 imempa kila mtu uhuru wa kuabudu. Basi vyuo vitoe nafasi ya ibada kwa haki bila upendeleo, na ratiba za mitihani ziheshimu siku za ibada. La pili, mpishi, mlinzi na mfagizi wa chuo ni walimu kwa njia yao, na yafaa mishahara yao ifike kwa wakati. Si haki kumtaka mtu awe mwaminifu kwa mali ya umma huku watoto wake wanalala njaa. La tatu, wizi wa mitihani usifumbiwe macho. Anayenunua swali leo ndiye atakayeuza mhuri kesho, na mkulima wa Kagongwa ndiye atakayelipa gharama.

Tusisahau pia kwamba ofisi ni mwendelezo wa bweni. Karani aliyezoea kuwadharau wapishi wa chuo atamdharau pia bibi aliyetoka kijijini kufuatilia hati ya shamba. Na yule aliyezoea kuwasalimu na kuwashukuru atamwinukia bibi huyo, amkaribishe kiti, amsikilize mpaka mwisho.

Dhahabu ya nchi hii huchimbwa ikaisha, kama ilivyokuwa Buzwagi. Vijana wanaoondoka na masanduku yao ni hazina ya namna nyingine, ambayo huongezeka kwa kutumika. Wazazi waliwaombea safari njema. Ni wajibu wetu sote, wakuu wa vyuo, walimu, wafanyakazi na Serikali, kuhakikisha kwamba huko waendako wanakuta watu ambao wema wao unaonekana kwa macho, ili nao warudi nyumbani wakiwa watu wa namna hiyo.