Ziwa Kivu: moteri inapozimika katikati ya maji, shida mara nyingi iko kwenye njia ya esanse

Kati ya Goma, Minova, Kalehe, kisiwa cha Idjwi na Bukavu, mitumbwi ya mbao yenye moteri nyuma inabeba kila siku wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa na magunia ya vyakula. Mwaka wa 2024, vita ilipokata barabara ya Goma na Minova, wasafiri wengi zaidi walilazimika kupita majini.

Hatari za safari hizo zinajulikana. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma ikiwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu wakafariki. Mwezi Aprili 2019, kisha ajali nyingine kwenye ziwa hilo hilo, Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe na kuagiza kila msafiri avae jile la kuokolea maisha. Tangu hapo maneno ni mengi juu ya mizigo, upepo na majile. Juu ya moteri yenyewe watu wanasema kidogo. Hata hivyo, mtumbwi uliojaa watu na kuzimika mbali na kando unageuka ubavu kwa mawimbi na kuanza kuingiza maji. Katika ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 480, hakuna nanga itakayofika chini.

Mafundi wa moteri wanaanza na swali moja: ilizimika namna gani? Ikikatika ghafla, kama taa iliyozimwa, kwanza inatazamwa ile kamba nyekundu ya usalama inayofungwa kwa mwendeshaji, kisha nyaya na buji. Lakini ikikohoa, ikapungua nguvu, ikafufuka kidogo kisha ikafa, mara nyingi imekosa mafuta.

Njia ya mafuta ni fupi: tangi, mpira wa esanse, kipira cha kukamua kwa mkono, chujio, pompe ndogo ya moteri, kisha kabureta. Fundi mzuri anaifuata kwa utaratibu huo, hatua moja moja, bila kuanza kufungua kabureta juu ya maji.

Hatua ya kwanza haigharimu hata franka moja. Kwenye kifuniko cha tangi kuna skurubu ndogo ya hewa. Ikibaki imefungwa, esanse inatoka lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na baada ya dakika kadhaa moteri inakosa cha kunyonya. Kifuniko kikifunguliwa na kusikika mlio wa hewa inayoingia kwa nguvu, sababu imepatikana.

Hatua ya pili ni kile kipira cha kukamua. Kina mshale juu yake, nao lazima uelekee kwenye moteri. Kikiwa kimenywea na kubaki bapa, kizuizi kiko nyuma yake: hewa ya tangi, au uchafu kwenye bomba linalonyonya chini ya tangi. Kikikamuliwa bila kuwa kigumu hata kidogo, kuna hewa inayoingia kwenye kiungo au mpira uliopasuka, au vali zake ndogo zimechakaa. Kikiwa kigumu kama jiwe na moteri bado haiwaki, mafuta yanafika lakini yanazuiliwa mbele, kwenye chujio au kabureta.

Kuna jaribio jingine wanalolipenda mafundi. Moteri inapoanza kufa, mtu mmoja akamue kipira mfululizo. Ikirudi kwenye nguvu yake, basi mkono umefanya kazi ya pompe. Ndani ya pompe hiyo kuna utando mwembamba unaosukumwa na mapigo ya hewa ya moteri. Ukipasuka au kukakamaa, haunyonyi tena vizuri. Mpira unaovuta hewa unaweza kuleta dalili hiyo hiyo, kwa hiyo viungo vikaguliwe kwanza. Kwa kukamua hivyo, kwa mwendo mdogo, mtumbwi unaweza kufika kando ya karibu. Si dawa ya kumaliza safari nzima.

Kosa kubwa ni kuendelea kulazimisha moteri inayokohoa. Nyingi za moteri hizi ni za mipigo miwili: mafuta ya kulainisha yanaingia ndani pamoja na esanse. Esanse ikipungua, na ulainishaji unapungua, pistoni inapata moto na inaweza kukwama. Hapo utando wa bei ndogo unakuwa umeua moteri nzima.

Sehemu kubwa ya shida inaanzia kwenye esanse yenyewe. Wengi wananunua kwa kadhafi, wauzaji wa barabarani, ndani ya chupa na bidoni zilizozunguka sana. Maji ni mazito kuliko esanse, na yanashuka chini. Kwa hiyo esanse kidogo imwagwe kwenye chupa nyeupe na iachwe itulie: yakionekana matabaka mawili, maji yako chini. Ikiwa imechanganywa na petroli ya taa, chupa haitaonyesha kitu. Hapo tone moja linawekwa kwenye karatasi, mbali na moto na kabla ya kuongeza mafuta ya moteri: esanse safi inakauka bila kuacha alama, petroli inaacha doa.

Mchanganyiko nao una kipimo. Moteri nyingi za mipigo miwili zinaomba sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esanse, yaani santilita 40 kwa bidoni ya lita 20; lakini kitabu cha moteri husika ndicho chenye neno la mwisho. Kukisia kwa jicho kunaleta mambo mawili: mafuta yakizidi, buji inachafuka na moshi unajaa; yakipungua, moteri inaungua.

Kazi hii ina hatari yake pia. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unalala chini ndani ya mtumbwi. Sigara, mbabula na moto wowote uzimwe kabla ya kugusa tangi. Kunyonya esanse kwa mdomo kunaweza kuiingiza kwenye mapafu, na hiyo inaweza kuua.

Moteri ikizimika, kwanza abiria wabaki wamekaa na kila jile lifungwe. Kisha kasia zitumike kuelekeza pua ya mtumbwi kwenye mawimbi, ndipo fundi ainamie moteri. Ndani ya sanduku kusikose buji mpya na ufunguo wake, chujio, kipande cha mpira wa esanse na vibano vyake, bisibisi, na tochi.

Hayo yote yanaweza kukaguliwa bandarini kabla ya kuondoka: kufungua hewa, kukamua kipira, kutazama chujio, kuwasha moteri na kuiacha inguruma dakika kadhaa hali mtumbwi bado umefungwa kamba. Msafiri asiyejua moteri ana haki ya kuuliza kama limefanyika, na kama kuna kasia ndani. Mwendeshaji akikosa jibu, ni afadhali kungoja mtumbwi unaofuata.