Gundi ya nyuki: maji, pombe au petroli?

Ukikwangua kingo za mzinga pale Misunkumilo, Mpanda, mbali na asali na nta utakutana na kitu cha kahawia kinachonata vidoleni. Hiyo ndiyo gundi ya nyuki. Wanaikusanya kutoka kwenye utomvu wa miti, na katika miombo ya Katavi miti haikosekani, kisha wanazibia nyufa. Sasa jaribu kuinawa kwa maji. Haitoki ng'o!

Tatizo ni kwamba gundi hiyo si kitu kimoja. Kwa gundi za nchi za baridi, makadirio yanayotajwa sana ni utomvu asilimia 50, nta 30, mafuta yanayonukia 10, na kinachobaki ni chavua na vinginevyo. Ya kwetu hutegemea miti iliyo jirani. Kwa hiyo usiulize tu "nini kinaiyeyusha?" Uliza: nataka kutoa nini, na nini kibaki?

Kanuni ya kwanza: vinavyofanana huyeyushana. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, yaani ni polari. Nta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, karibu yote haina ncha hizo, ndiyo maana haishikani na maji. Heksani, ambayo imo pia kwenye petroli, ni ndugu wa nta: inaibeba haraka, lakini flavonoidi, ambazo watafiti wengi huzifuata, inaziacha. Ethanoli iko katikati, kwani ina mkia mfupi wa kaboni na kichwa kinachopatana na maji. Ethanoli ya asilimia 70 hivi hubeba flavonoidi na sehemu ya utomvu, na nta nyingi hubaki chini. Iliyopenya kidogo huganda kwenye friji, unachuja.

Lakini kufanana hakutoshi. Je, joto la kazi litaharibu unachokitafuta? Mwaka 1971 Tu Youyou wa China aliacha kuchemsha pakanga kwa maji, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Dawa ya malaria ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Nobel.

Je, kiyeyushi kitaondoka baadaye? Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, heksani 69. Mafuta ya kupikia hayaondoki, kwa hiyo yatumie pale tu unapotaka yabaki, kama kwenye marhamu.

Swali la mwisho ndilo zito: mabaki yanadhuru? Spiriti nyingine za dukani zina methanoli. Gundi itayeyuka vizuri tu, ila mwilini methanoli hugeuka asidi ya fomiki, inayoweza kupofusha au kuua. Usiikadirie kwa harufu. Hata ethanoli safi, usiivukize karibu na jiko la moto, maana mvuke wake unawaka.

Kwa hiyo kabla ya kumimina chochote, soma lebo. Kama haisemi kuna nini ndani, hicho si kiyeyushi chako.